Mama Aliyegombana na Shuka

Nekesa,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, usizitafute humu. Nina hasira, na nimeona niseme mapema usije ukasoma ukurasa mzima ukidhani imepoa. Wewe uko chumbani unapanga nguo, nasikia zipu ya begi ikikataa kufunga, na mimi niko jikoni na karatasi zilizobaki za masomo yako. Wiki hii yote tumeishi nyumba moja kama wapangaji wasioelewana. Ukitaka chumvi unainuka unaichukua mwenyewe. Nikitaka kukuuliza kitu naimba wimbo wa kanisa mpaka hamu iishe.

Mambo ya kula vizuri na kushika mkoba ukishuka Nairobi unayajua, na usipoyajua Nairobi itakufundisha. Mimi nataka tuzungumze juu ya ile klipu.

Leo asubuhi nilienda sokoni kununua nyanya. Kijana wa mkokoteni, simjui hanijui, alisimama katikati ya njia akaninyooshea kidole. "Mathe, ngoja bwana!" Wenzake wakacheka. Mwenye nyanya naye akacheka, halafu akaniongezea moja kwa huruma. Nimesimama mbele ya watu tangu kabla hujazaliwa, Nekesa. Nimekuwa malkia, mlevi, chifu, na mara moja mbuzi, siku mwenye nafasi hiyo alipougua. Hakuna aliyewahi kunisimamisha sokoni kwa lolote kati ya hayo. Sasa mji mzima wa Nakuru unanijua kwa jambo moja tu, kwamba mimi ndiye yule mama aliyegombana na shuka ya kitanda. Na aliyewapa jambo hilo ni wewe.

Nitarudi nyuma kidogo, maana wewe hupenda kusema hasira yangu huanzia katikati.

Ule mchezo wetu wa shamba tumeupeleka kwenye shule nyingi za huku juu. Mzee ameuza shamba la familia kwa siri, mkewe amesikia uvumi, na siku moja anamuuliza akiwa ameshika kikombe. "Umeuza?" Hilo ndilo swali, na mchezo wote umelalia jibu lake. Mzee Opiyo ndiye alikuwa mume wangu jukwaani. Nikimuuliza, hakujibu. Aliangalia kikombe. Aliwangoja wanaokohoa wamalize, akawangoja wale wa nyuma wanaopigana viwiko watulie, kisha akangoja tena kidogo. Katika shule moja msichana alimwambia kutoka kwenye benchi, "Si umjibu tu?" Opiyo akageuka akamtazama yule mtoto kwa aibu, utafikiri amemzaa yeye, ndipo akasema, "Nimeuza." Siku nyingine alinyamaza kidogo tu, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na alijua mabati yangemeza sauti yake. Miaka yote niliyoigiza naye sikumsikia akinyamaza kwa namna moja mara mbili.

Halafu goti lake likaharibika. Kumpandisha kwenye pikapu ikawa kazi ya watu wawili, na kumshusha kazi ya watatu. Hapo ndipo ulipokuja na wazo lako.

"Mum, tumrekodi tu. Tunamproject kwa bedsheet, wewe unaact na yeye live. Itakuwa kitu mpya kabisa."

Na mimi nikakubali. Hapo nimejaribu kukulaumu peke yako na nimeshindwa. Shuka inakunjwa. Shuka haihitaji kiti cha mbele karibu na dereva, haiombi gari lisimame Njoro ikanyooshe mguu, haikuambii ukweli ukiwa umeigiza vibaya. Tukamwita Mzee Opiyo kwenye ukumbi wa kanisa, tukamwambia rekodi ni ya kumbukumbu. Alikuja amevaa koti la mchezo, akakaa mbele ya kamera yako, akaangalia huku na huku kwenye viti vitupu.

"Sasa naongea na nani?"

"Ongea tu na hapa, babu," ukamwambia, ukimwonyesha kioo cha kamera.

"Na Mama Nekesa akiniuliza, ninyamaze kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Akanyamaza kidogo tu. Tukamshukuru, ukamnunulia soda. Baada ya siku hiyo sikumpigia simu tena.

Kisha tukaenda Olenguruone. Unakumbuka ile baridi, wanafunzi wamebanana kwenye ukumbi wa kulia na sweta zao, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane. Opiyo alikuwa kwenye shuka, mkubwa kuliko alivyo mwenyewe, na wewe kando na laptopu. Mambo yalikwenda vizuri. Labda vizuri kupita kiasi, kwa sababu nilisahau ninaigiza na nani.

Unajua tabia yangu. Kila tunakokwenda huwa natupia neno la pale pale, watoto wajue tumewajia wao. Kwa hivyo nilipofika kwenye ule ugomvi nikamwambia mume wangu kwamba tumbo lake limejaa kama gunia la broka, lile la dalali wa viazi linaloshonewa kichwa juu ili libebe kilo za bure. Wazazi wa wale watoto wanalia na gunia hilo kila msimu. Ukumbi ulipasuka. Waligonga meza, walisimama, mwalimu wa zamu alifunika uso kwa kitabu. Kilikuwa kicheko kizuri kuliko vyote nilivyopata mwaka huu, na nikafanya nilichofundishwa na watu walionitangulia, nikakiacha kitembee.

Opiyo wa shuka hakukiacha. Watoto bado wanacheka, yeye akainua macho kutoka kwenye kikombe akasema, "Nimeuza."

Sikuwa nimemuuliza.

Nikauliza basi, kwa haraka, nikitumaini nitamfikia. "Umeuza shamba la watoto?" Na yeye, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Niletee chai." Sasa wakaanza kunicheka mimi. Nikamwambia, "Ngoja." Akasema, "Hata wewe ungeuza." Na hapo, mwanangu, mwanamke mzima, nikaigeukia shuka nikaipigia kelele: "Ngoja bwana! Sijamaliza!"

Watoto walianguka kutoka kwenye mabenchi. Nami nikakutazama wewe. Mkono wako mmoja ulikuwa juu ya ile laptopu, na kwa kidole kimoja ungeweza kumsimamisha yule mzee nikapumua. Mkono wa pili ulikuwa umeinua simu. Ulikuwa unanirekodi. Ningesamehe ukiduwaa, hata mimi niliduwaa. Lakini wewe hukuduwaa. Ulikuwa umetulia, umeshika simu sawasawa, nisitoke nje ya picha.

Usiku ule hatukusema mengi. Uliomba msamaha kuhusu laptopu, hukusema lolote kuhusu simu, nami sikuuliza. Nilidhani utaifuta. Nilidhani mtu haweki mama yake hadharani akiwa ameanguka, sawa na vile hakuna anayehitaji kuambiwa asimfungulie mgeni mlango mama yake akiwa anaoga. Pengine ndilo kosa langu kubwa kwako, kwamba mambo mengi nilidhani unayajua.

Sasa nikwambie kuhusu Kuresoi, na hili hujawahi kulisikia kutoka kwangu.

Kabla ya kwenda Kuresoi ulijifungia na ile laptopu. Ulipotoka ukaniambia umemkata Mzee Opiyo vipande vipande, na kila jibu lake litangoja kidole chako. "Leo hatakuharakisha," ukasema. Nilikujibu vibaya, nikasema tutaona. Nilipanda jukwaani nikiwa na woga ambao sikuwa nao tangu ujana.

Nikatupia lile neno la gunia, kwa ukaidi. Wakacheka. Opiyo akabaki ameinamia kikombe chake, anapumua tu, anarudia pumzi ile ile. Kicheko kikapanda, kikakaa, kikaanza kushuka. Nilipoingia na swali langu kilikuwa bado hakijaisha kabisa, na hapo ndipo mahali pake, maana ukikingoja kiishe kabisa ukumbi unapoa na lazima uupashe upya. "Umeuza?" nikasema. Kukawa kimya. Nikakutazama kwa pembe ya jicho. Hukuwa unaangalia laptopu. Hukuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unawaangalia wale watoto, safu ya mbele, mdomo wazi kidogo, kidole hewani. Mtoto mmoja alikohoa na wewe ukamngoja. Mwingine aliuma kofia ya kalamu, ikatoa mlio, ukamngoja na yeye. Kisha kukawa na kile kimya ambacho ukumbi mzima unavuta pumzi pamoja bila kujua. Hata hapo hukugusa. Ukakiacha kidogo zaidi.

"Nimeuza."

Wakasema "aah" kwa pamoja, polepole. Ile sauti ilikuwa ya Opiyo, lakini aliyenijibu ulikuwa wewe. Nimefundisha vijana wengi kungoja, na wengi wameshindwa, wameenda kuuza simu au kusomea ualimu. Wewe hukufundishwa na mtu. Ulikaa pembeni miaka yote ukipanga nyaya, nikadhani unapanga nyaya tu.

Nilitaka kukuambia mara tukipanda gari. Kisha nikasema acha tufike Molo, tununue mahindi ya kuchoma, nitakuambia tukila. Tukashuka Molo. Yule mwenye mahindi akanitazama, akatazama tena, akatoa simu yake.

"Si ni wewe? Mathe wa ngoja bwana?"

Akanionyesha. Nikajiona. Maneno makubwa ya njano juu ya kichwa changu, jina la ukurasa wako chini, na vicheko. Vicheko ambavyo si vya Olenguruone. Wale watoto walikuwa wamenicheka vya kutosha, sauti zao zilikuwa mle ndani, na bado wewe ulienda ukatafuta vicheko vya watu nisiowajua, waliocheka jambo jingine mahali pengine, ukanimwagia juu. Niliyoyasema kwenye gari kutoka Molo mpaka nyumbani siyarudii. Mengine nayajutia, mengine nitayasema tena ukitaka.

Neno la Kuresoi likabaki hapo hapo Molo kwa mwenye mahindi.

Tangu hapo simu inalia, na kila inapolia hasira yangu inapata kuni mpya. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Madam, hiyo shoo hamuwezi kutusendia kama link? Tukuwe tunaonyesha form four." Nikamwambia hatuuzi filamu. Mwingine alikuwa mbaya zaidi. Huyu anatutaka tufike wenyewe, tena anatutaka haraka, ila ana ombi dogo. "Mtaleta ile ya kukosana na projekta, sindio? Wasee hapa wanaingoja sana." Umesikia? Anataka nianguke tena, saa nne asubuhi, kwa mpango, nikishamaliza kunywa chai ya walimu. Na wenzangu kwenye kikundi waliposikia hawakukasirika. Waliniambia tuiweke tu ndani ya mchezo, mama, watu wanaipenda. Nikaona nimezeeka siku hiyo.

Na wewe ukapata kazi. Ulikuja ukiruka kutoka getini, ukasahau kwamba hatuongei. Kampuni ya Nairobi inayotengeneza video za kuchekesha imeona ile klipu, wamekupenda, wanakutaka mara moja. Nikauliza utafanya nini huko. Ukasema, kwa furaha yote, "Editing, Mum. Kwa kuanza nitakuwa naweka laughs."

Nekesa, nililazimika kukaa chini. Unajua ni watu wangapi wana sikio lako? Mimi nawajua wawili, Opiyo na wewe. Na unalipeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisicho na mtoto hata mmoja wa kukohoa, uwawekee watu vicheko vya kopo, vilivyorekodiwa kwingine, mahali mkubwa wako atakapokuonyesha kwa kidole. Wengine wangenung'unika kwamba binti anaondoka nyumbani. Mimi sina shida na kuondoka, hata mimi niliondoka kwetu. Kinachonichoma ni kwamba hujui unachoondoka nacho, na hujui kwa sababu mimi nilinyamaza.

Baba yangu, babu yako, alikuwa mtu wa reli, na kwake mchezo wa kuigiza ulikuwa kazi ya wasio na kazi. Siku moja tukiigiza hapa Nakuru nilimwona nje ya dirisha, amesimama na kofia mkononi, anacheka mpaka anafuta macho. Nilirudi nyumbani, nikangoja aseme. Alikula, akauliza kama kuku wamefungiwa, akaenda kulala. Mpaka tunamzika hakusema. Nilimkasirikia kwa hilo hata kaburini. Na sasa nitazame nilivyo, wiki nzima nakupa hasira ya klipu tu, na neno la Kuresoi nimelikalia.

Leo baada ya kutoka sokoni nilienda kwa Mzee Opiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, hakunipa nafasi ya kuyasema. Alikuwa ameketi barazani mguu juu ya kiti kingine, na alikuwa ameiona. Wajukuu wake wamemwonyesha mpaka amechoka.

"Mama Nekesa," akasema, "mmenikosea, na sisemi mambo ya kuniacha. Hiyo nimezoea, mguu nauona mwenyewe. Lakini mmefanya nijibu kabla sijaulizwa. Watu wote hawa wananiona nikijibu kabla sijaulizwa. Mimi?"

Alikuwa amekasirika kweli, kuliko mimi. Sikuwa nimefikiria kwamba kwenye ile klipu tuliaibishwa watu wawili. Nikamwomba arudi. Akasema yule mzee wa mchezo si lazima atembee, atakaa kwenye kiti mwanzo mpaka mwisho na sisi tutamzunguka, na kiti cha mbele kwenye gari kitakuwa chake bila majadiliano. Nikakubali yote. Halafu nikamsimulia ya Kuresoi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye yule mtoto wa kalamu akaniinulia mkono.

"Alimngoja?"

"Alimngoja."

"Na baada ya hapo akaacha kidogo tena?"

"Akaacha kidogo tena."

Akafungua macho. "Na huyo ndiye mnampeleka akaweke vicheko," akasema, akachukua kikombe chake.

Sikwambii ubaki. Nenda. Labda huko kuna vyombo ambavyo mkono wako utavifundisha adabu kama ulivyoifundisha ile laptopu, mimi sijui, sijasoma mambo hayo, na sitajifanya simu ni shetani wakati mchezo wetu bora wa mwaka ulitoka kwenye kidole chako. Chukua na ile rekodi ya Opiyo, ametoa ruhusa, ila amesema usimtumie mahali ambapo hakuna anayemngojea. Na siku wakikuambia weka kicheko hapa, kwanza jiulize nani alicheka. Ukikosa jibu, utajua mwenyewe la kufanya. Siku ukichoka, kikundi kina kiti chako, na si cha kupanga nyaya.

Lakini kuna jambo limebaki kati yetu, na haliwezi kumalizika kwa barua.

Jumapili baada ya kanisa nilikuuliza hapa hapa jikoni. Nilikuuliza, ulipokuwa unaweka vile vicheko, peke yako kule chumbani, ulikuwa unanicheka? Uliangalia meza. Ulishika kikombe kwa mikono miwili. Ulivuta pumzi, ukafungua mdomo, na mimi nikasema, "Basi, nimeshajua," nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji na pipa lilikuwa limejaa. Mimi niliyeipigia kelele shuka ingoje. Wewe uliwangoja watoto wa watu wamalize kukohoa, na mama yako hakukungojea umalize pumzi moja.

Kesho nitakubebea lile begi kubwa mpaka stendi. Kutakuwa na makondakta wanaovutana na abiria, wauza njugu, redio za magari zote kwa pamoja. Kabla hujapanda nitakuuliza tena swali lile lile. Simu iwe mfukoni. Usinijibu haraka ili uniridhishe, na usinijibu jambo zuri kama si kweli. Angalia chini ukitaka. Gari likijaa liende, magari ya Nairobi hayaishi. Nyamaza kadiri unavyohitaji.

Nitangoja.

Mama yako